Leseni Kwenye Sinia

Siku ya mahari ya mwanangu mimi nilikuwa jikoni, maana ndiko alikopangiwa mama. Umezaa, umelea, umebeba magunia ya mpunga mashineni mpaka kiuno kimekataa kunyooka, lakini wakwe wakija unaambiwa kaa na masufuria, wanaume wanaongea. Sawa. Nikakaa. Ila mlango wa jiko langu unatazamana na sebule, na haujawahi kufunga vizuri tangu tuhamie, na mimi sijawahi kumtafuta fundi.

Katikati ya sebule tuliweka kiti cha baba, kile kikubwa chenye mito. Kilikuwa cha kaka yangu Fanueli. Mimi na Fanueli ndio tuliomlea Tumpe. Yeye ndiye aliyemfundisha baiskeli, yeye ndiye aliyekuwa anakwenda shuleni wakiita wazazi, na mtoto alipolazwa kwa nimonia yeye ndiye aliyelala chini ya kitanda cha wodi. Hapa Ubaruku hakuna aliyewahi kuuliza nani atakaa kwenye kile kiti.

Basi wageni wako mlangoni wanavua viatu, nikasikia lori linasimama nje. Sikuhitaji kuchungulia. Breki za lile lori nazijua kama kikohozi cha jirani.

Jailos ni baba wa Tumpe. Mume wangu hakuwahi kuwa, kwa sababu kwetu hakuleta hata jogoo mgonjwa. Anaendesha lori la mbao, anapakia Mafinga anashusha Mbeya, anapita hapo barabara kuu mwaka mzima na hajawahi kukata kona kuja kumwona mtoto. Tumpe alipokuwa mchanga, homa ilipomzidi, nilimfuata Mafinga kwenye kiwanda cha mbao na mtoto mgongoni. Mlinzi akaingia ndani kuniulizia. Alipotoka alikuwa anaona aibu kunitazama. Akasema, "Dada, anasema hakufahamu."

Sasa huyo aliyekuwa hanifahamu akaingia nyumbani kwangu na suti ya bluu, akampita Fanueli aliyekuwa anapokea wageni, akaenda kukaa kwenye kiti chenye mito. Akakunja nne kabisa.

"Nani kamwita huyu?" niliuliza masufuria.

"Mimi, Mama," akajibu Tumpe nyuma yangu. Alikuwa ameshavaa kitenge chake, amependeza, machozi yanamlengalenga. "Nilimpigia. Nilitaka tu awepo."

Iliniuma. Sitazunguka, iliniuma kuliko siku niliyomzaa. Nilitaka kumwuliza mimi na mjomba wako tulipungua wapi. Lakini utamgombeza bibi harusi mbele ya wakwe? Nikageuza wali ambao haukuwa na haja ya kugeuzwa.

Bwana harusi wetu ni Mkorea, anaitwa Minsu. Anafanya kazi ya mbegu za mpunga hapa kwenye mashamba, Kiswahili amekipata shambani kwa hiyo anatukana vizuri kuliko anavyosalimia, ingawa hajui kwamba anatukana. Kijana mtaratibu. Tatizo lake ni moja, hajui kudanganya. Ukimwuliza kama nguo imekupendeza, anakuangalia kwanza. Kwao mtu haingii ndani na viatu, kwa hiyo na sisi sote tulivua kwa heshima yake, na soksi ya Jailos ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kinachungulia nje kama kimealikwa.

Mshenga alikuwa Sedekia, mfanyakazi mwenzake Minsu, mtu wa Mbeya. Katekista aliomba sala ndefu mpaka mwenyewe akaanza kusinzia. Sedekia akaweka sinia mezani, akaweka jembe jipya juu yake. Kwenye ukoo wetu ndivyo tunavyofanya: kabla ng'ombe hawajatajwa, binti anaitwa, analichukua lile jembe na kumpa baba yake kwa mkono wake. Aliyepokea jembe ndiye atakayepokea mahari. Hakuna kukata rufaa.

Sedekia akakohoa. "Wazee, kabla hatujamwita binti, tujue leo baba ni nani. Sisi tulikuwa tunaongea na Mzee Fanueli."

"Baba ni mimi," Jailos akasema. "Fanueli ni mjomba, namshukuru kwa kunishikia."

Kunishikia. Kama mtu aliyeachiwa begi stendi. Nilimtazama Fanueli nikisubiri afoke, lakini kaka yangu akimkanyaga kuku anamwomba msamaha. Alivuta kibao kilichokuwa mlangoni karibu na viatu, akakaa.

Jailos akamgeukia Minsu. "Mkwe, mambo ya kwenu nayajua. Safari ndefu nasikiliza sana simu. Korea baba ndiye kila kitu. Halafu kuna sheria, nisahihishe kama nakosea. Mtoto analazimika kumtunza mzazi wake. Kweli si kweli?"

Minsu akafikiri. Moyoni nikamwambia, mwanangu, leo tu, danganya.

"Kweli," akasema. "Ipo kwenye sheria. Mtoto, na aliyeoana na mtoto pia, kama mzazi hajiwezi."

"Mmesikia wenyewe," Jailos akasema, na kile kidole cha mguu kikacheza. "Na mgongo wangu huu wa lori, kesho keshokutwa sijiwezi. Sasa mimi sitaki ubabaishaji wa hapa kwetu. Ndoa hii iende kwa sheria ya Korea, yote, nukta kwa nukta. Jembe nipewe mimi, ng'ombe waje Mafinga, na mkwe awe ananitunza."

Sheria ya kwetu wazee wangeweza kubishana nayo mpaka jioni, lakini ya Korea nani anaijua? Nikaona wanaanza kutikisa vichwa, wanakubali. Nikaona Tumpe ataambiwa ampe jembe mtu huyu, na atampa, kwa sababu ana adabu na kwa sababu maisha yake yote amekuwa akimtaka. Na Fanueli atabaki kwenye kibao, analinda viatu.

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama Tumpe, bado hatujaita chakula," katekista akasema.

"Najua. Nina swali moja la kijinga nikaendelee na kazi. Minsu mwanangu, hapo kwenye hiyo sheria ya kwenu, baba aliyemtelekeza mtoto wanamfanyaje?"

"Hilo halihusiani," Jailos akasema.

"Si umesema yote?"

Minsu aliangalia mwiko, akaniangalia mimi. "Dada yangu aliachana na mume wake," akasema polepole. "Mtoto akabaki kwa dada. Mahakama ikamwamuru mume atoe matunzo. Hakutoa. Wakasimamisha leseni yake."

"Leseni ya biashara?" Sedekia akauliza.

"Ya udereva."

"Asiendeshe gari?"

"Asiendeshe. Na yeye alikuwa haendi hata dukani kwa miguu. Alitoa haraka sana."

Hakuna aliyemtaja Jailos. Nataka hilo lieleweke, hakuna aliyemtaja wala kumnyooshea kidole. Ni mkono wake wenyewe uliopanda ukashika mfuko wa shati chini ya koti, ukabaki hapo, kama mama aliyesikia mbwa anabweka akamshika mtoto. Sebule nzima iliona. Sedekia ndiye aliyeanza kucheka, akafuata katekista ambaye nilidhani kalala.

Fanueli hakucheka. Aliinuka kwenye kibao, akachukua lile sinia, akampelekea. Sauti yake ilikuwa ya upole uleule wa siku zote. "Shemeji, umesema nukta kwa nukta."

Jailos alikuwa na njia ya kutoka. Angesema tu nilikosea, samahani. Lakini mwanaume aliyevaa suti mbele ya watu wanaocheka, samahani anaitoa wapi? Akachomoa leseni, akaibamiza kwenye sinia pembeni ya jembe. "Mnadhani naogopa? Haya. Sasa mwiteni mwanangu."

Fanueli akarudisha sinia mezani, akarudi kukaa kwenye kibao. Tumpe aliitwa. Alikuwa amesikia kila kitu, mlango ni uleule. Akachukua jembe kwenye sinia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti chenye mito, akapiga magoti. Mimi nikashika fremu ya mlango.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza Jailos anasalimiwa na mtoto wake ana kwa ana. "Marahaba," akasema, na ile nne yake ikakunjuka. Akanyoosha mikono apokee.

Tumpe akasimama na jembe lake. Akaenda mpaka mlangoni kwenye viatu, akapiga magoti tena, akaliweka kwenye mapaja ya Fanueli.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Kaka yangu akalikumbatia lile jembe akalia mbele ya wageni wote, tena kwa sauti. Mimi nikarudi jikoni, nikawaambia moshi umeniingia machoni. Jiko langu ni la gesi.

Tulipoanza kupakua, Jailos akanyanyuka. "Jamani, mimi gari linanisubiri." Ndiyo kauli yake tangu nimfahamu. Lori lilikuwa tupu, halina hata utingo, sijui nani alikuwa anasubiri. Tumpe alikuwa ameshampakulia wali na paja la kuku, alipofika mlangoni na sahani akakuta vumbi. Alisimama pale muda, halafu akarudi, akaifunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Nilitamani ningekuwa na mbio za kulifukuza lori.

Nilipokuwa naondoa vyombo ndipo nikaiona. Leseni ilikuwa bado kwenye sinia, Jailos anatabasamu pichani, kuna punje ya wali shavuni kwake.

Simu ya Tumpe ikaita, yeye anaaga wageni, nikapokea.

"Rozalia," Jailos akasema, anahema. "Nimesimamishwa hapa barabara kuu. Leseni nimeisahau hapo. Huyu afande haniamini, hebu ongea naye, tafadhali sana."

Ikaja sauti ya kijana, sauti ya kiserikali. "Shikamoo mama. Nina dereva hapa hana leseni. Anasema iko kwako, anasema wewe ni mama wa mtoto wake. Unamfahamu mtu huyu?"

Mungu ana utani wake. Lile swali nililipeleka Mafinga nikiwa na mtoto anayechemka mgongoni, likachukua miaka yote hii kuzunguka, sasa linaulizwa kwangu, na jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni. Neno moja tu. Nikaangalia juu ya kabati, ile sahani iliyofunikwa.

"Namfahamu, afande," nikasema. "Namfahamu vizuri sana. Mwandikie faini yake. Ukimaliza mwambie arudi aichukue mwenyewe, mwanawe amemfunikia wali."