Utepe wa Toleo la Kwanza

Mashine ya gemu ya toleo la kwanza huja na kasoro ambazo hata walioiunda hawazijui mpaka iingie majumbani mwa watu. Hilo kila fundi analijua. Chukua mashine mbili zinazofanana kwa sura, moja ya mwaka wa kwanza na nyingine iliyotoka miaka kadhaa baadaye, uzifungue kando kwa kando. Ya pili itakuwa na bodi ndogo zaidi, feni isiyopiga kelele, na risasi ya kuunganishia vipuri isiyopasuka kwa joto. Mimi nitaeleza habari ya vitufe tu, kwa sababu hapo ndipo mambo haya yalipoanzia.

Ile ya kwanza haina vitufe vya kweli. Nyuma ya ganda lake kuna utepe mwembamba unaohisi kidole hata kabla hakijakandamiza kitu. Unyevu unaweza kuudanganya. Joto pia. Mguu wa mpira ulio chini yake ukivimba, utepe hudhani umeguswa, mashine ikalia mara tatu na kujaribu kutema CD. Matoleo ya baadaye yaliwekewa vitufe vya kubonyeza, na tatizo likaisha.

Nilimweleza Peres haya siku aliyotoka kwake Kangemi akapanda ngazi hadi karakana yetu ya mtaa wa Luthuli, mjini, mashine ikiwa ndani ya kiroba cha unga. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mgonjwa anayesomewa majibu ya maabara.

"Kwa hivyo si mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Sammy. Bwanangu."

Mwenzangu Jamleck, ambaye tunashirikiana naye karakana, aliinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza. "Mama, mimi nikikufa sirudi Kangemi. Narudi mahali maji inatoka kila siku."

Peres alicheka, kisha akafuta macho kwa kiganja. Sammy Okinyi, mumewe, alikuwa fundi wa stima majumbani. Gari lilimgonga Waiyaki Way akivuka kwenda kazini, na mashine ile ndiyo iliyokuwa starehe yake ya pekee. Alicheza na binti yao, Valarie, mwenye miaka minane. Walikuwa na mpango wao: gemu ikiisha, Sammy hugusa mashine iteme CD, na milio ile mitatu ilikuwa ya kumwita Valarie aje achague gemu nyingine, hata akiwa nje anaruka kamba.

"Sasa inalia yenyewe," Peres alisema. "Na Val anaitika. Anasema, 'Nakuja, Baba.' Mwanzo alikuwa anaenda kwa mashine, anakaa hapo. Hiyo sikujali. Siku hizi ikilia haendi kwa mashine. Anaenda kwa mlango."

"Kwenda wapi?"

"Ningejua ningekuja hapa? Anafungua anaenda. Juzi nimempata karibu na barabara. Hiyo hiyo barabara."

Nilimuuliza kwa nini asiichomoe tu. Alisema alikwisha kuichomoa na kuificha kwa jirani, na mtoto akagoma kula mpaka akaishiwa nguvu. Alichotaka kwangu kilikuwa wazi. Alitaka mashine ibaki sebuleni mahali Valarie anaweza kuiona, lakini inyamaze.

"Hiyo ni kazi ndogo," nilimwambia, na kwa mujibu wa kila nilichojua wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Niliifungua. Mguu wa mpira ulikuwa umevimba na kuusukuma utepe, sawasawa na nilivyotarajia. Niliukata, nikasafisha utepe kwa spiriti, nikaiacha mashine ikiwaka mezani wiki nzima. Haikulia. Jamleck aliipitia kila asubuhi akiisalimia, "Niaje, Sammy, umeamkaje?" mpaka nikamwambia aache. Peres aliichukua.

Alinipigia Jumapili. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Madam fundi, imelia."

Naishi Uthiru, na Kangemi iko njiani, kwa hiyo nilipita alasiri hiyo baada ya kanisa. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Paa lilikuwa la mabati na joto lilikuwa kali. Niliona sababu papo hapo: utepe wa aina ile haupendi joto. Valarie alikuwa amekaa mkekani akipaka doli la nyuzi rangi ya kucha. Alinisalimia vizuri.

"Wewe ndiye ulimfungua Baba?"

"Nilifungua mashine."

"Alisema mikono yako ni baridi."

Watoto husema mambo. Mikono yangu ni baridi kweli, na nilikuwa nimetoka kumshika mkono. Nilikuwa bado nalifikiria hilo mashine ilipolia, pii, pii, pii. Valarie aliweka doli chini kwa uangalifu ili rangi isiguse mkeka. "Nakuja, Baba," akasema. Hakuitazama mashine hata kidogo. Alitembea hadi mlangoni na kuanza kuvuta komeo. Peres alimshika kiuno, na mtoto hakupigana wala kulia. Miguu yake tu ndiyo iliyoendelea kwenda.

"Umeona?" Peres aliniuliza juu ya kichwa cha mtoto.

Nilikuwa nimeona. Niliona pia utepe mbovu ndani ya chumba chenye joto, na mtoto aliyefiwa ambaye alikuwa amezoea kuitwa kwa mlio fulani. Hayo mawili yalitosha kueleza kila kitu. Nilimwambia Peres kwamba kupambana na toleo la kwanza ni kupoteza wakati. Karakana tulikuwa na mashine ya toleo la baadaye, sura ileile, rangi ileile, yenye vitufe vya kubonyeza. Ningeihamishia gemu zote za Sammy, kila alipoishia, na yeye angetuachia ile ya zamani tubadilishane.

"Na hii mpya haiwezi kujilia?"

"Mpaka mtu abonyeze kwa kidole. Lazima kiingie ndani. Mguso mtupu hauwezi."

"Sawa," alisema. "Lete hiyo."

Nilimpelekea. Valarie aliizunguka ile mashine, akaweka kidole kwenye kitufe, akakibonyeza, akakiachilia.

"Hii ni ngumu," alimwambia mama yake. "Baba hawezi."

Na kweli mashine ilinyamaza. Peres alinitumia ujumbe baada ya siku chache: mtoto anakula, halii, mlango haugusi. Aliongeza kwamba Valarie hukaa karibu na dirisha akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza redio ya nyumba ya mbali.

Luthuli tuna desturi yetu. Mashine ya zamani ikibadilishwa inakuwa ya kuchinjwa: kila kiungo kizima kinatolewa na kuwekwa kwenye mashine ya mteja mwingine. Toleo la kwanza huchinjwa zaidi ya mengine yote, kwa sababu vipuri vyake havitengenezwi tena. Hakuna anayeuliza feni imetoka kwa nani. Jamleck aliichinja ya Sammy mara ileile. Utepe, ambao sasa haukuwa na mguu wa kuusukuma, aliupima, akauona mzima, akaufunga kwenye mashine ya kijana anayeitwa Kihara, anayeishi Kilimani na kufanyia kazi nyumbani. Utepe wake ulikuwa umekufa kabisa.

Nilijua jambo hilo Kihara aliponipigia.

"Jackie, niaje? Hii mashine mlinitengenezea imeanza vituko. Niko kwa mkutano wa kazi, inapiga kelele. Bosi anauliza kama nimeweka kitu kwa microwave."

"Inalia mara tatu?"

"Mara tatu, kila saa ya alasiri. Na nyumba yangu haina joto, kabla uniambie ni joto."

Nilimuuliza Jamleck utepe ule ulitoka wapi, naye akaniambia bila wasiwasi wowote. Basi ulikuwa utepe mbovu, nikajiambia; ungekuwa mbovu Kangemi na ungekuwa mbovu Kilimani. Nilimwambia Kihara aichomoe, nitakuja Jumamosi. Peres sikumwambia kitu. Sikuwahi kulitaja jina la Kihara mbele yake, wala mbele ya mtoto, na nyumba yenyewe sikuwa naijua. Nalisema kwa sababu nimelipitia mara nyingi nikitafuta mahali lilipovujia.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa, Peres alipiga simu akiwa anakimbia.

"Val hayuko! Nimeenda sokoni nikarudi, mlango uko wazi. Madam, mashine haijalia, naapa, haijalia!"

Nilimwambia aende kwanza barabarani, mimi naja. Nilikuwa nafunga mlango wa karakana Kihara alipopiga.

"Jackie, umepatia nani adresi yangu? Soja amenipigia kutoka geti. Kuna mtoto hapa, kasichana, viatu vyote vumbi. Anasema babake anakaa kwa nyumba yangu. Mimi sina mtoto, nakuambia ukweli, hata ukimuuliza mamangu."

"Anaitwaje?"

"Anasema Val."

Kutoka Kangemi hadi Kilimani lazima uvuke Waiyaki Way, kisha ufuate barabara ya James Gichuru, kisha upitie mitaa ambayo hata madereva hubishana kuhusu njia zake. Mtoto huyo hajawahi kufika Kilimani. Nilimuuliza mama yake baadaye, nikauliza kanisani kwao, nikauliza jirani.

Kihara alinitajia nyumba, nikampigia Peres, naye akafika na pikipiki ya boda wakati mmoja nami. Soja, mlinzi wa geti, alituonyesha lifti bila kutuandikisha. Mlango wa Kihara ulikuwa wazi, naye alikuwa amesimama kando ya meza na glasi ya maji ambayo mtoto alikuwa ameikataa. Valarie alikuwa amekaa kwenye kapeti, mikono mapajani, akiitazama mashine. Ilikuwa juu ya meza ya chakula, mbali na ukuta. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa mpira.

"Niliichomoa siku ulisema," Kihara alininong'oneza. "Haijaguswa tangu hiyo siku."

Moto wa umeme unaobaki ndani ya mashine iliyochomolewa huisha kwa muda mfupi sana. Hauwezi kungoja siku.

"Val," Peres aliita. "Mama, twende."

Ikalia, pii, pii, pii. Nilikuwa karibu nayo kiasi cha kuweka mkono juu ya ganda, na niliuweka. Lilikuwa baridi, feni haikuzunguka, taa haikuwaka. Ililia tena mkono wangu ukiwa hapo juu yake.

"Nakuja, Baba," Valarie akasema, akasimama.

Hakuelekea mlango tulioingilia. Kihara alikuwa ameacha wazi mlango wa kibaraza, kwa ajili ya hewa, na hiyo ilikuwa ghorofa ya nne. Mtoto alitembea kama anayekwenda kuchagua gemu, bila haraka, na alikuwa amefika kwenye kizingiti Peres alipomrukia na kumwangusha naye sakafuni. Miguu ya Valarie iliendelea kwenda hewani.

Mashine ililia. Ikalia tena, sasa bila kupumzika katikati.

Kwao Peres mtu akiitwa na asiyemwona haitiki. Aliniambia hivyo baadaye; alifundishwa tangu utotoni, na tangu Sammy afe alikuwa akinyamaza kila mashine ilipolia kwa ajili hiyo. Katika nyumba yao aliyekuwa akiitika ni mtoto peke yake.

Pale sakafuni, binti yake akiwa amebanwa kifuani, Peres aliinua kichwa.

"Naam," akasema. "Sammy. Ni mimi nimeitika. Wachana na huyu. Huyu hajui mahali unamwita. Ukitaka mtu, ita mimi."

Mlio ulikatika katikati. Miguu ya Valarie ilisimama. Mtoto alitazama kapeti, akamtazama Kihara, akauliza hapa ni kwa nani na kama kuna choo.

Niliufungua utepe hapohapo, kwa bisibisi ya Kihara, na jioni nikaupima karakana kwa kila njia ninayoijua. Ulikuwa mzima. Nilitaka kuuvunja, lakini Peres alikuwa amenikataza. Alikuja kuuchukua kesho yake, akaufunga ndani ya leso.

"Unaenda kuufanyia nini?" Jamleck alimuuliza, na safari hii hakutania.

"Nimeshaitika," alisema. "Si ni vibaya kuitika halafu unajificha?"

Nilimpigia shule zilipofunguliwa. Alisema Valarie anaendelea vizuri. Anakula, amekuwa wa tatu darasani, mashine ameichoka na sasa anataka baiskeli. Nilimuuliza kama bado anasikia kitu. Alisema Valarie hasikii chochote.

"Na wewe?"

Nyuma yake nilisikia mtu akigonga sufuria, na mtoto akicheka.

"Mimi huitwa alasiri," alisema. "Kwa hivyo nikimaliza kupika, nampeleka Val kwa Mama Joyline hapo mlango wa pili. Halafu Mama Joyline ananifungia kwa nje, anakaa na kifunguo mpaka giza iingie."

"Na ukiitwa?"

"Naitika," alisema Peres. "Halafu nashika kitanda, miguu isiende."