Anasema Nini, Peguy?

Bibi wa Kihindi aliyevaa sari ya bluu aliingia katika duka la simu la mtaa wa Albert Park, akaweka juu ya kaunta kaseti ya video iliyozungushiwa kitambaa, kama mtu aliyempeleka mtoto mgonjwa kwa daktari.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayehamishia hizi kwenye flashi."

Peguy, fundi kutoka Uvira, akawasha deki yake kuukuu. Kazi hii haina haraka. Sharti kaseti ichezwe yote. Akampa bibi kiti. Kwenye kioo wakatokea kijana na binti katika picha isiyo na rangi, wakizunguka mti wa maua pasipo kugusana hata kidole, wakiimba Kitamil.

Peguy akajikuta anawasemea kwa Kiswahili. Mazoea hayo. Kule Uvira mjomba wake Athanase alikuwa na kibanda cha video, na filamu kama hizi zilijaza mabenchi. Mjomba alisimama kando na maikrofoni, akiwaeleza watu kwa Kiswahili wapendanao wanaambiana nini. Baadaye Peguy akairithi maikrofoni. Kitamil hakuna aliyekijua.

"Unasema nini?" bibi akauliza.

Leo nimeumbuka mbele ya mwenye lugha, akawaza. "Samahani, Anti. Ninabuni tu. Kitamil sikijui."

"Hata mimi. Shuleni tulipewa Kiingereza tu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinieleza. Tangu afariki, natazama midomo." Akasogeza kiti. "Haya, binti anasema nini?"

Peguy akamgeuzia kwa Kiingereza: "Anasema, ukiendelea kunitazama hivyo wali utaniungulia, na mama ataniuliza sababu."

Bibi, Anti Kogila kwa jina, alicheka hadi akafuta machozi.

Saa ya kufunga ilipofika, wapendanao walikuwa wametenganishwa na treni.

"Usiniache hapo! Jumapili alasiri uniletee flashi nyumbani kwangu Chatsworth, unimalizie."

"Nitakuja, Anti."

Jumamosi Carmel, msichana wa kwaya ya kanisani, akasimama mlangoni pa duka. Mwaka mzima Peguy alikuwa akimsalimu na kuishiwa maneno papo hapo, kisha kurudi chumbani kula peke yake.

"Kesho mchana kwaya inaenda Pietermaritzburg. Iko place moja kwenye basi, kando yangu. Ama unangoja nikuimbie ndiyo uelewe?"

Moyo ulimruka, kisha ukaanguka. "Kesho nimeahidi mtu."

"Mwanamke?"

"Mama mzee. Tunaangalia filamu."

"Eish, Peguy! Basi ile place nitamupa ule kijana Jeancy."

Akaondoka.

Jumapili, Anti Kogila alikuwa ameweka viti viwili mbele ya televisheni, na chai katika kikombe cha marehemu. Treni ikarudi. Kijana akashuka, akamwona binti, midomo ikamtetemeka.

"Anasema nini?"

Peguy akatazama saa ya ukutani. Saa hiyo kwaya ilikuwa imekwisha kufika.

"Anasema, kile kiti cha kando yako, usimpe mtu."

Anti akamtazama, akamsogezea sahani ya chapati. "Endelea, mwanangu."

Akaendelea mpaka mwisho.