Spana Yenye Mshale

Romani hakutaka tena mkono wa mtu mwingine uguse magurudumu ya gari lake. Ndiyo maana Jumamosi ile alitoka Kiwalani asubuhi mpaka maduka ya vipuri ya Gerezani kutafuta toki, ile spana inayopima nati imekazwa kiasi gani.

"Shikamoo, mama. Nataka ya bei nafuu, lakini isiyodanganya."

"Marahaba." Bi Mwanakombo, mwenye duka, alimwekea mbili mezani. "Hii inayong'aa inalia tak, nati ikifika kipimo. Wengi wanaipenda. Ila kwa bei hii, mwanangu, springi yake dhaifu. Ikishaanguka italia inapotaka yenyewe. Hii nyingine sura haina, ina mshale tu. Utainama uusome. Mshale ukihama kwenye sifuri, unaukunja kidogo unarudi."

Romani alichukua yenye mshale.

Mwaka uliopita, mdogo wake wa tumbo moja, Fransis, fundi wa gereji hapo hapo Kiwalani, alimbadilishia breki. Nati alizikaza kwa spana iliyochomekwa bomba refu, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote. Bolti zikachoka. Siku ambayo Romani na mkewe walikuwa wanatoka kwenye msiba Mbagala, zikakatika, gurudumu likachomoka, gari likatumbukia mtaroni. Romani aliambulia mikwaruzo. Mkewe, Auleria, alivunjika nyonga, na hadi leo anatembea kwa gongo.

Tangu hapo Romani hakumsemesha mdogo wake. Wazee walipanda basi kutoka Masasi kuja kuwapatanisha. Aliwapikia wali na kuku, akawasikiliza kwa adabu, akawasindikiza, na moyo wake ukabaki vile vile.

Aliporudi na spana alichuchumaa uani, akakaza nati moja baada ya nyingine, polepole, jicho kwenye mshale. Auleria alitoka ndani amevaa gauni la kwendea hospitali.

"Leo nakupeleka mwenyewe kwenye mazoezi," Romani alisema. "Njoo uone. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua."

Auleria hakuitazama spana. "Nimeshaita bajaji."

"Bado unaogopa? Aliyefanya uzembe ni Fransis."

"Fransis alikosea. Alikuja wodini akakaa sakafuni, akalia, akaniomba radhi. Nilishamsamehe." Aliegemea ukuta apumzishe mguu. "Wewe je? Siku ile tulipofika Mtoni nilikwambia gurudumu linagonga. Nikakwambia tena. Ukaongeza sauti ya redio."

Romani alikuwa na maneno ya mwaka mzima kifuani, yote ya bomba na gereji.

"Nilikuwa nawahi..." alisema.

"Najua. Nami mwaka mzima nilikuwa nasubiri uniombe radhi."

Bajaji ilisimama getini. Aliyeshuka kiti cha nyuma kumpokea Auleria alikuwa Fransis.

"Shikamoo, kaka," alisema, macho chini.

Romani aliinamia gurudumu kana kwamba hakusikia. Fransis akamshika shemeji yake mkono, akampandisha taratibu, wakaondoka.

Kabla ya Krismasi Romani aliliuza gari, na spana akampa mnunuzi bure. Radhi anayoisubiri Auleria bado hajaiomba. Jioni wanakula pamoja, redio imezimwa, kila mmoja akitazama sahani yake.