Sweta la Taa ya Msumeno

Hilda wa kijiji cha Yakobi ndiye aliyenisimulia haya, kipupwe kilichopita, tukiwa jikoni kwake tunamenya viazi.

Mumewe, Laurenti, anapasua mbao Makambako. Juu ya msumeno pale kuna taa ndogo ya leza, inachora mstari mwembamba mwekundu juu ya gogo, na Laurenti anaufuata. Wiki moja ya baridi, asubuhi aliuona vizuri. Ikifika saa tano unafifia, mbao zinatoka zimepinda.

"Mzee Laurenti," tajiri wake, Msafiri, akacheka, "hii mbao imetoka kulewa ulanzi?" Kisha hakucheka tena. "Zikipinda na kesho, msumeno nampa mtu mwingine."

Laurenti akarudi kwenye msumeno. Baba yake alikufa kipofu, naye akajua moyoni kwamba sasa ni zamu yake. Hata Hilda hakumwambia.

Kesho yake fundi umeme, Kheri, alikuja kutengeneza mota. Laurenti akamvuta pembeni. "Fundi, niambie kweli. Ule mstari unauona?"

Kheri akakodoa macho. "Kwa shida."

"Hata wewe?"

"Hata mimi, baba." Akapanda kuikagua taa, akaangua kicheko. "Nani kaivika sweta?"

"Mke wangu aliifumia. Baridi ya alfajiri hapa huijui? Niliionea huruma."

"Subhanallah! Huruma yako inaiua. Humu mna punje ya kutoa nuru, ndogo kuliko ulezi. Umeme inaokula, mwingine unakuwa nuru, mwingine joto. Joto likikosa pa kutokea, nuru inapungua, umeme unazidi kuishia kwenye joto."

Akaivua lile sweta, akaifunga kwenye kipande kinene cha alumini ipoe. Akaongeza na kifaa cha kuiwasha na kuizima, upesi hata jicho lisitambue, ipate kupumua.

"Yaani inapepesa kama bibi harusi, nisione?" Laurenti akasema, akainama kuichungulia.

"Usiichungulie! Hapo ndipo utakapopofuka kweli."

Saa nane mstari ulikuwa bado mwekundu kama pilipili. Msafiri akapitisha kidole kwenye ubao ulionyooka, akaenda zake kunywa chai.

Jumamosi Laurenti alirudi Yakobi, akamweleza Hilda yote, na ile hofu ya macho pia. Hilda akasema, "Wiki nzima umelibeba peke yako? Na mimi nikadhani umepata mwanamke Makambako!"

Wakacheka mpaka machozi. Hilda ndiye aliyelala kwanza. Laurenti akabaki kidogo anatazama makaa, moja moja, yote akiyaona. Kisha naye usingizi ukamchukua.