Maji Matamu ya Timbwani

Mweri alikuwa na daftari la hatari, na mtu asimcheke. Kujenga kwa udongo si mchezo. Kanisa lao pale Timbwani lilitaka shule ya chekechea isiyokula saruji nyingi wala kuni za kuchomea matofali, akajitokeza yeye, fundi wa hapo hapo, akasema udongo wa kiwanjani unatosha, utashindiliwa kwa mashine tu. Wazee wa kanisa waliguna. Aliyesimama naye ni Mama Gladys, mwenyekiti wa akina mama.

"Mwacheni ajenge," alisema. "Ukuta ukiharibika tutarudi kwenye mawe, na Mweri hatashika mwiko hapa tena."

Basi Mweri akaziandika hatari zote, na kila moja na dawa yake. Ya pili ilikuwa maji ya chumvi, maana chumvi hulila tofali la udongo kutoka ndani. Dawa: Mweri aonje maji kila asubuhi. Na alionja, wallahi, hakukosa hata siku moja, akaandika: matamu.

Sasa mbona ukuta ulikuwa unatoa unga mweupe? Aliusugua kwa kidole, tofali likamomonyoka kidogo. Mweri akiona jambo asilolielewa hawezi kuliacha, hata lingekuwa linamchongea mwenyewe. Akauzunguka ukuta, akiupapasa tofali kwa tofali. Mistari mitatu ya chini ilikuwa safi kabisa. Unga ulianzia wa nne.

Udongo ulikuwa ule ule. Saruji ile ile, mashine ile ile. Akafunua daftari. Matofali ya mistari ya chini yalifyatuliwa wiki ya kwanza, kwa maji ya mvua. Tangi lilipokauka wakahamia kisima cha jirani, kisima alichokunywa Mweri tangu utotoni. Akenda kukionja tena. Matamu. Akasukutua, akaonja mara ya pili. Matamu vile vile.

Alirudi akamkuta Kioko, fundi mwenzake aliyetoka Machakos mwezi uliopita, akijimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo kutoka chumbani kwake. Birika la kiwanjani lilikuwa limejaa, hajaligusa.

"Kioko, chai yetu ina nini?"

Kioko akaona haya. "Hakuna kitu, dada."

"Sema tu."

"Ni vile mnaweka chumvi. Nilidhani ndiyo desturi ya Pwani, nikaona si adabu kuuliza."

Mweri alimtuma akatafute maji ya mvua kwa majirani, yeye akawasha majiko mawili. Kila sufuria vikombe vitatu: huku mvua, huku kisima. Wakachuchumaa wakingoja yakauke, Kioko akichungulia kila saa kama anayepika chapati. Sufuria ya mvua ilikauka ikabaki sufuria. Ya kisima ilibaki na ukoko mweupe. Mweri akauchokoa kwa ukucha, akaulamba. Hapo hata ulimi wake ulikiri.

Mama Gladys alifika adhuhuri na chakula cha mafundi, maharagwe yake yale yasiyo na chumvi ambayo kila mtu alikula kwa kunung'unika. Ana presha, na daktari alimkataza chumvi, basi akawafungisha na mafundi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Mweri angeweza kuusingizia udongo. Alitamani, tusimfiche. Lakini mficha uchi hazai. Akamweleza yote, akampa na kata ya maji ya kisima.

Mama Gladys akanywa, akatafakari. "Mbona matamu?"

"Ndiyo hatari yenyewe, Mama. Sisi sote wa kisima hiki tumelelewa na maji haya. Kosa si la udongo, ni langu, niliuamini ulimi wangu. Mistari ya juu nitaibomoa mwenyewe. Kuanzia leo nitapima kwa sufuria."

"Si umwachie huyu wa bara aonje?"

"Miezi sita tu, naye atakuwa mwenzetu."

Kioko akacheka. Mama Gladys hakucheka. Alikuwa ameinamia sufuria, akiugusa ule ukoko kwa kidole.

"Haya yote yametoka kwenye vikombe vitatu?"

"Vitatu, Mama."

"Miaka miwili nakula mchuzi chapwa," alisema polepole. "Kila nikenda, daktari ananiambia presha haijashuka, nakula chumvi kwa siri. Nimemwapia kwa Mungu, haniamini."

Mama Gladys akaimwaga ile kata chini, akajifunga leso kiunoni.

"Bomoa, kisha ujenge kwa udongo huo huo," alisema. "Na hiyo sufuria usiioshe. Kesho nakwenda nayo kliniki."