Foleni ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mkaguzi wa maudhui aliyeitwa Kidole alitundika mkoba wake nyuma ya kiti, akafuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta na kuwasha birika. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa ajili ya wepesi wake: kabla maji hayajachemka alikuwa ameshaondoa mtandaoni machapisho thelathini, na siku nzuri hata hamsini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa imeelezwa vizuri katika kanuni mpya. Picha au video yoyote inayoonyesha huduma ya umma, ikiwa imerushwa na mwananchi bila kibali, iondolewe ndani ya saa mbili, isije ikazua taharuki.

Ya kwanza asubuhi hiyo ilikuwa video ya sekunde hamsini na mbili. Fundi cherehani mmoja alikuwa amewapiga video watu waliopanga foleni nje ya zahanati. "Tuko hapa tangu alfajiri," sauti ya fundi ilisema. "Daktari hajaonekana, na hii ni wiki ya tatu." Kidole aliitazama kwa sekunde tisa. Mwongozo ulisema sekunde tisa zinatosha. Akabonyeza Ondoa, akachagua sababu kwenye orodha, akaenda kumimina chai.

Aliporudi na kikombe, foleni ilikuwa ofisini.

Ilianzia kwenye meza yake, ikapita mbele ya mashine ya fotokopi, ikatoka mlangoni na kushuka ngazi hadi ghorofa ya pili. Walikuwa watu arobaini na watatu: kina mama wenye watoto mgongoni, kijana aliyefungwa bandeji kichwani, mjamzito aliyekuwa akijipepea kwa kadi yake ya kliniki. Wa mbele kabisa alikuwa mzee mwenye bakora, naye alikuwa ameegemea meza.

"Binti, daktari ameingia?"

"Bado, mzee. Hapa ni ofisi ya maudhui."

"Haidhuru. Tutangoja."

Kidole alikisogeza kikombe mbali na kiwiko cha mzee, akaketi kuendelea na kazi.

Jirani yake wa meza hakuinua hata uso. Huyu walimwita Kiambatisho, kwa kuwa hajawahi kutuma barua pepe bila kusahau kiambatisho. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alikuwa ameondoa picha ya shimo la barabarani, na tangu hapo kulikuwa na shimo kati ya kabati la mafaili na mlango wa msalani. Waliweka ubao. Ukishazoea, unavuka hata na chai mkononi.

"Afadhali hao wako wanaongea," Kiambatisho alisema. "Langu mimi linajaa maji tu."

Saa nne mkuu wa kitengo alipita, akasimama, akahesabu vichwa kwa kalamu. Mchana ukatoka waraka: foleni ikae upande wa kushoto, njia ya dharura iachwe wazi, na wafanyakazi wasichangie dawa zao binafsi. Mfanya usafi alilalamika kidogo kuhusu maganda ya ndizi, kisha akaleta pipa la pili. Jioni wale watu hawakuondoka. Mlinzi aliwaachia taa moja ikiwaka, akawaonyesha maji ya kunywa yalipo.

Jumanne, Kidole alishuka ngazi kwenda kumpokea fundi wa intaneti. Kwenye kona ya ngazi, mtu wa thelathini na moja katika foleni, alimkuta mama yake mzazi.

Alikuwa ameshikilia reli kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika mfuko wa plastiki wenye kadi ya zahanati. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, kandambili haikuingia vizuri.

"Shikamoo, mama. Umefika lini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimo tangu jana. Sikutaka kukuita, nilijua uko kazini."

"Huo mguu je? Si kila Jumapili nikikupigia unaniambia u mzima wa afya?"

"Mzima nipo. Mguu ndio mgonjwa."

Kidole alichuchumaa, akaugusa mguu. Ulikuwa wa moto, na kidole chake kilipoondoka kiliacha kishimo ambacho hakikurudi.

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia, nawe ungeacha kazi uje, na kazi yenyewe umeitafuta miaka mitatu." Mama alinyoosha kitambaa chake cha kichwa. "Lakini yule fundi alipotupiga video nilifurahi. Nikajifunga vizuri, nikatazama simu yake hivi, nikasema, mwanangu si anafanya kazi huko huko mtandaoni? Ataniona. Kweli hukuniona?"

Kidole aliinamia kandambili, akairekebisha.

"Niliona mwanzo," alisema.

"Aa. Mimi nilikuwa huku mwishoni."

Mama alilisema hilo bila kinyongo, kama mtu anayeeleza nyumba yake ilipo. Kisha akauliza kama kuna mtu wa kumwagia kuku wake mtama, maana nyumba ameiacha imefungwa. Kidole akampigia jirani.

Siku hiyo hiyo aliomba ruhusa, akamshika mama mkono na kumteremsha ngazi ili ampeleke hospitali nyingine. Walifika mlango mkubwa, wakavuka kizingiti, na mama akawa tena kwenye kona ya ngazi, mtu wa thelathini na moja, ameshikilia reli. Walijaribu mara ya pili kupitia mlango wa nyuma. Mama akasema basi, mguu unachoka.

Kidole alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo.

"Nataka kuirudisha ile video, mkuu."

Mkuu alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, aliyependa kuuliza watu habari za watoto wao. "Kurudisha kunahitaji kamati," alisema. "Kamati hukaa kila baada ya miezi sita. Imekaa wiki iliyopita."

"Mama yangu yumo."

"Najua. Nimemsalimia asubuhi. Wa kumi na tisa ni kaka yangu." Alizungusha miwani mezani. "Nikirudisha moja, dada, itabidi nirudishe zote. Zikirudi zote, wataniuliza kanuni zilitungwa za nini. Nitamtafutia mama kiti."

Na kweli alikileta mwenyewe, kiti cha wageni chenye mto, akakipandisha ngazi kutoka mapokezi huku akihema. Lakini kona ilikuwa nyembamba, kiti hakikukaa sawa. Mama alimshukuru sana, akaendelea kusimama.

Jumatano Kidole alipiga simu zahanati. Muuguzi aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Hapa shwari kabisa," alisema. "Tangu Jumatatu mabenchi matupu. Hata mimi nimeshangaa kidogo, kisha nikafagia."

"Na daktari?"

"Hilo ndilo nilitaka kukwambia. Tulikuwa tumeomba daktari wa kudumu tangu mwaka jana. Jana wakaja watu wa takwimu, wakakaa hapa tangu asubuhi hadi saa kumi, hawakuona mgonjwa hata mmoja. Wameandika zahanati haina uhitaji. Nafasi imefutwa."

"Lakini wagonjwa wako huku kwangu. Wote. Naweza kukutajia mmoja mmoja."

"Nakuamini, dada yangu. Ila fomu yao inauliza waliopo hapa."

Kidole aliweka simu chini. Alifungua ukurasa mpya, akaandika barua kwa wizara, akaambatisha orodha ya watu arobaini na watatu na maradhi yao, kila mmoja alivyojieleza. Kiambatisho alimsaidia kuipanga, na safari hii hakusahau kitu. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Wizara ilimshukuru kwa maoni yake, ikamkumbusha kwamba orodha ya wagonjwa ni taarifa ya huduma ya umma, na kwamba akiirusha popote itaondolewa.

Aliisoma mara mbili. Kisha akakisukuma kiti chake cha ofisi chenye magurudumu hadi kwenye ngazi, akazungumza na watu wa mbele na wa nyuma ya mama. Walishauriana. Sheria ya foleni, walisema, ni moja tu: nafasi isibaki wazi. Akiwepo mtu wa kuishika, mama anaweza kwenda kukaa.

"Kazi yako je?" mama aliuliza.

"Kakae wewe, mama. Uweke mguu juu ya katoni ya karatasi."

Kiambatisho na mlinzi walimpandisha mama na kiti chake mpaka kwenye meza ya binti yake. Kidole alisimama kwenye kona ya ngazi, akashika reli. Mwanamke wa nyuma yake, mwenye mapacha, alimpa mtoto mmoja ampokee, akajifunga upya yule mwingine. Mtoto alikuwa na homa. Alilala begani kwa Kidole mara moja, kama aliyemzoea.

Huko juu, video ziliendelea kuingia kwenye kompyuta. Mama hakujua kubonyeza chochote, basi alizitazama. Alitazama kila moja hadi mwisho, huku mkono umeshika shavu, akiwaambia waliokuwamo pole, na mara nyingine akicheka. Ya bomba lililopasuka aliiona mara tatu. Baada ya saa mbili kila video ambayo haikuguswa iliondolewa na mtambo wenyewe, kama kanuni zilivyotaka, na zikaingia nyingine.

Mkuu wa kitengo alipita, akamsalimia, akaona ni nani aliyeketi pale. Aliandika kwenye daftari lake kwamba meza ina mtu.

Alhamisi asubuhi foleni ilisogea. Wa nne kutoka mbele, mwanamke aliyekuwa akikohoa tangu Jumatatu na kusema ni kifua tu, alikuwa ameketi sakafuni ameegemea mashine ya fotokopi, na mlinzi alipomwamsha hakuamka. Walimfunika kwa sweta ya Kidole. Wabebaji walikuja, wakampitisha kwenye njia ya dharura iliyoachwa wazi, na mlangoni hakuna kilichomzuia.

Halafu wa tano akawa wa nne. Wa sita akasogea nyuma yake, na wa saba, mpaka nje ya mlango, ngazi kwa ngazi, taratibu, bila kusukumana. Kidole alimweka mtoto vizuri begani, akapanda ngazi moja.