Hitima ya Garama

Mwaka 1954, Suleiman Mwinga, mwalimu kijana wa Msambweni, alichaguliwa kwenda London kuongeza masomo ya ualimu. Jirani walipokuja kumuaga, Bi Mwanapili wa kijiji cha Bodo aliketi ukumbini akangoja wenziwe waondoke.

"Shikamoo, mama," Suleiman alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia waenda Ulaya. Garama wangu yuko huko, kama yu hai. Nitafutie."

Garama alikuwa mwanawe wa pekee. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alipata kazi katika meli ya Wazungu pale Kilindini, akiwa mtia makaa, na tangu vita viishe hapakuwa na habari yake. Mabaharia waliorudi walisema aliteremka London akabaki. Suleiman hakuwa na moyo wa kumwambia mama yule kwamba mji ni mkubwa. Alimwahidi.

London ilimtesa kwa baridi na upweke. Katika nyumba aliyopanga, asubuhi ilipita bila mtu kumjulia hali. Siku za Jumapili alikwenda upande wa bandarini, kwenye mkahawa wa Myemeni mmoja ambamo mabaharia wa pwani na Wasomali walikunywa chai, na kila alipoingia aliuliza. Baridi ilipokaribia kwisha, Myemeni alimwonyesha mtu aliyeketi peke yake karibu na jiko.

Uso ulikuwa wa Bi Mwanapili hasa. Suleiman alimwamkia kwa Kidigo, akamweleza yeye ni nani na ametoka wapi. Yule mtu aliweka kikombe chini.

"Mama yu hai?"

"Yu hai. Yeye ndiye aliyenituma."

Garama alijifunika uso kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliungua katika chumba cha injini, na tangu hapo haukufaa kitu. Alieleza kidogo kidogo: alikuwa ameoa Mzungu, wamezaa mabinti, na mkewe ndiye aliyewalisha kwa kazi ya kiwandani. Yeye alifagia maghala alipopata kibarua. Iko miaka aliyoipoteza katika ulevi.

"Ukirudi, mwambie hukuniona."

"Kaka, niruhusu nimwambie u mzima tu."

"Atauliza mbona sirudi. Utamjibu nini? Nilimuaga nikasema ni safari moja tu, nikirudi nitamjengea nyumba ya mabati. Akiyajua haya yatamuua. Niahidi, Suleiman."

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na watu walikuwa wakiwatazama. Suleiman alimhurumia. Alimwahidi.

Aliporudi nyumbani, Bi Mwanapili alikuja kumlaki. Hakuuliza mbele za watu, alimvuta pembeni.

"Sikumwona, mama. Nilimtafuta sana."

Suleiman alidhani mama yule ataendelea kungoja kama alivyongoja miaka yote. Lakini Bi Mwanapili alimtazama, kisha akaitika kwa kichwa polepole.

"Ikiwa wewe umefika huko huko ukamtafuta ukamkosa, basi mwanangu amekufa. Nami nimekuwa nikimnyima haki yake ya kuombewa."

Alichinja mbuzi, akaita watu, akamfanyia Garama kisomo cha hitima. Suleiman, kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri, aliketishwa karibu na imamu akapewa juzuu yake ya Kurani. Angeweza kuinuka wakati ule na kusema kweli. Alisoma. Dua ilipoombwa kwa ajili ya marehemu, aliitikia amina pamoja na wenziwe, na kutoka ndani akasikia kilio cha Bi Mwanapili, ambaye miaka yote ile hakuna aliyemwona akilia.

Baadaye alitoka mara kadhaa kwenda Bodo kumweleza. Kila alipofika alimkuta Bi Mwanapili ametulia kuliko zamani. Minazi aliyokuwa akimwekea Garama alikuwa amewapa watoto wa nduguye, na harusini alikuwa ameanza kwenda tena. Suleiman alijiuliza itafaa nini kumchoma upya. Alikunywa kahawa yake, akaaga, akarudi Msambweni na neno lake moyoni. Mvua za masika za mwaka 1957 zilipopungua, Bi Mwanapili alishikwa na homa, akafa.

Mwaka uliofuata, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, mtu mwenye koti zito aliingia uwanja wa shule akimshika mkono msichana mwenye nywele za rangi ya katani.

"Mke wangu amenisukuma nije," Garama alisema baada ya salamu. "Alisema mama hachukii mwanawe kwa ufukara. Nimeona afadhali nianzie kwako. Bado anakaa Bodo?"

Suleiman alimwambia yote, hitima na mauti, wakiwa wamesimama pale pale juani. Garama aliuliza kaburi liko wapi.

Walikwenda pamoja. Garama alipiga magoti kwenye mchanga, midomo ikimchezacheza, akitafuta dua alizozisahau. Suleiman alimsomea, naye akafuatisha.

Njiani wakirudi Garama alisema, "Ulifanya nililokuomba. Usijilaumu."

Suleiman hakujibu. Alijua kwamba angalivunja ahadi ile, Garama angalimchukia, na mama yule angalikufa akijua ana mwana na wajukuu. Chuki ya Garama angaliweza kuibeba.

Msichana alimuuliza babake kwa Kiingereza mwalimu amejibu nini.

"Hajajibu," Garama alimwambia, nao wakaendelea kutembea.